Namba yangu ni 9, ya mwenzangu ni 21: nikubali kuwekewa jina?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanasaikolojia, nafundisha katika kitivo cha tiba. Idara yetu ni ndogo, tumezungukwa na madaktari wa moyo, wa watoto, wa magonjwa ya kuambukiza. Nimeomba kupandishwa cheo niwe profesa mshiriki, na faili langu linatakiwa liwe mbele ya kamati baada ya wiki tatu.

Kamati ina jedwali moja kwa watu wote. Safu ya kwanza ni idadi ya makala, ya pili ni jumla ya mara ulizorejelewa, yaani kutajwa kwenye makala za wengine, ya tatu ni fahirisi ya h (ukiwa na h ya 5, basi makala zako tano kila moja imerejelewa angalau mara tano), ya nne ni jumla ya vipimo vya athari vya majarida uliyochapisha. Hakuna safu ya tano. Anayetaka uprofesa mshiriki awe na h isiyopungua 12.

Mimi niko hivi. Nimetazama kanzidata tatu zinazohesabu marejeo. Scopus inanipa 9. Web of Science inanipa 7. Google Scholar inanipa 14, ila humo kuna makala sita za daktari mmoja wa upasuaji ambaye jina lake na langu ni moja. Nikizitoa nabaki na 11. Tangazo la kamati halisemi namba itoke wapi.

Makala zangu zilizoko Scopus ni 14 na zimerejelewa mara 436 kwa jumla. Nikizipanga kuanzia juu: 212, 61, 40, 33, 22, 17, 14, 11, 9, 8, 5, 3, 1, na ya mwisho haijaguswa na mtu. Hiyo ya 212 ni hojaji fupi ya kupima sonona kwa akina mama waliojifungua, tuliyoitafsiri na kuihakiki upya. Zipo nyingine mbili za zamani nilizochapisha kwa ubini wa baba yangu kabla sijaolewa. Ziko peke yake kwenye ukurasa mwingine wa Scopus, moja ina 26 na nyingine 15. Sijawahi kuzishughulikia.

Mwenzangu mmoja, daktari wa moyo wa ofisi ya jirani, ana h ya 21 na makala 96. Ni mtu mwema. Aliponiona nahangaika akaniambia: "Dada, mbona unajitesa? Nina makala tano zinakaribia kutumwa. Nakuweka kwenye zote, na wewe uniweke kwenye zako mbili. Huku kwetu ndivyo tunavyobebana." Kwenye hizo tano sijafanya chochote. Kusema kweli, mbili kati yake hata mada siielewi.

Jambo la mwisho. Mwanafunzi wangu wa uzamivu anachunguza usingizi na wasiwasi kwa vijana, na ana makala mbili za kutuma mwezi huu. Katika kila moja ameweka kazi zangu tatu. Ile ya wasiwasi kwa wanafunzi inahusika. Nyingine mbili, ya hojaji ya akina mama na ya uchovu wa washauri nasaha (hii ndiyo yenye 9), hazihusiki. Nadhani ameziweka kwa heshima tu. Nimwache?

Nalala na hizi namba, naamka nazo. Nisaidie.

Namba Tisa

* * *

Marahaba, Namba Tisa.

Nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda Scopus ukajaze fomu ya masahihisho, waunganishe kurasa zako mbili. Haina malipo, na wiki tatu si nyingi. Ukishamaliza rudi hapa tupige hesabu.

Umerudi? Chukua karatasi. Ukichanganya zile mbili za zamani, safu yako inakuwa hivi: 212, 61, 40, 33, 26, 22, 17, 15, 14, 11, 9, 8, 5, 3, 1, 0. Shuka nayo kwa kidole, na kila unaposimama jiulize swali moja tu: makala hii imerejelewa angalau mara nyingi kama namba ya nafasi yake? Ya tano ina 26, inapita. Ya tisa ina 14, inapita. Ya kumi ina 11, inapita kwa taabu. Ya kumi na moja ina 9, imekwama. Basi h yako ni 10, na jumla yako ni 477. Hukumbeba mtu wala hukubebwa. Miaka yote hii ulikuwa umejipunja mwenyewe kwa sababu ya cheti cha ndoa.

Ukitoka hapo jisajili ORCID kama hujajisajili. Ni namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, ilianza kutolewa mwaka 2012, na haijali umeolewa, umeachika au jina lako linaandikwa kwa herufi gani. Wanawake wengi katika fani zetu wana nusu ya kazi zao imelala kwenye jina ambalo hakuna anayelitafuta tena.

(Nikuonye kitu kidogo. Hizo makala mbili zinakuongezea h, lakini zinakuongezea na umri wa utafiti. Mtu akigawa h kwa miaka tangu makala ya kwanza, kama wengine wanavyopenda kufanya, utaonekana mzito kidogo kuliko jana. Bora hivyo. Ni zako.)

Sasa tuiangalie hiyo 12. Fahirisi ya h ilitungwa na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Katika makala ileile aliyoitangazia, alipendekeza kwamba kwa wanafizikia wa vyuo vikuu vikubwa vya utafiti vya Marekani, h ya kama 12 ingefaa kwa uprofesa mshiriki na 18 kwa uprofesa kamili. Siwezi kuapa kwamba kamati yako ilichota 12 kutoka hapo, ila nimekaa kwenye kamati za namna hiyo na najua namba zinavyosafiri: mtu anaisoma mahali, anaiandika kwenye rasimu ya kanuni, na baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka kwamba ilihusu wanafizikia.

Na Hirsch mwenyewe alionya. Aliorodhesha vinara wa fizikia na vinara wa sayansi za uhai wakati ule. Mwanafizikia wa juu kabisa, Edward Witten, alikuwa na 110. Kwa sayansi za uhai wa kwanza alikuwa Solomon Snyder, mtafiti wa ubongo, mwenye 191. Hiyo haimfanyi Snyder awe na akili karibu mara mbili ya Witten. Inakuonyesha tu kwamba kila fani ina maji yake na samaki wake. Mwaka 2020 Hirsch aliandika tena, na safari hii alikiri kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

Ndiyo maana sitaki ujilinganishe na jirani yako wa moyo. Tiba ina watafiti wengi mno, majarida mengi mno, na makala zinazoandikwa na watu wengi kwa pamoja. Jaribio la dawa likichapishwa leo, kesho limo kwenye mapitio ya kimfumo, keshokutwa kwenye mwongozo wa matibabu, na kila hatua ni rejeo jipya. Halafu hesabu yenyewe haigawi. Makala ikiwa na waandishi 3 na ikarejelewa mara 300, kila mmoja anapata 300. Ikiwa na waandishi 500, kila mmoja wa hao 500 anapata 300 zilezile. Zile ripoti kubwa za mzigo wa magonjwa duniani zinazotoka kwenye jarida la tiba la The Lancet zina majina mamia, na zinarejelewa maelfu ya mara. Mtu akiwemo kwenye kumi za namna hiyo, h yake tayari si chini ya 10 bila kuandika aya moja peke yake. Simsemi mwenzako. Sijaona orodha yake, na wewe usiisogelee hata kidogo ndani ya faili lako. Nasema tu kwamba 21 na 10 hazikupimwa kwa kibaba kimoja.

Saikolojia nayo ina mambo yake. Tunaandika vitabu na sura za vitabu, na Scopus na Web of Science zimejengwa zaidi juu ya majarida. Makala zetu nyingi zinachelewa kurejelewa, zinachukua miaka kuiva. Hata humu ndani hatufanani: anayepiga picha za ubongo anarejelewa kwa kasi ambayo anayefanya ushauri wa familia hataiona.

Mpangilio wa majina ndio unaoumiza watu kimyakimya. Kwenye tiba, jina la mwisho mara nyingi ni la mkubwa aliyeongoza kazi na kutafuta fedha. Kwenye saikolojia desturi ni kupanga kwa ukubwa wa mchango, kwa hiyo wa mwisho mara nyingi ndiye aliyechangia kidogo. Wewe mwanasaikolojia umekaa mbele ya kamati ya madaktari. Jina lako likiwa la pili watadhani ulisaidia tu, kumbe ulifanya nusu ya kazi. Usiwaachie wakisie. Andika.

Kuhusu zile namba tatu, 7, 9 na 11 (ile 14 ukishaisafisha). Hakuna inayodanganya kati ya hizo, zinahesabu vitu tofauti. Web of Science ni mjukuu wa kitabu cha fahirisi alichoanzisha Eugene Garfield miaka ya 1960, na inachagua majarida kwa ukali. Scopus ilikuja 2004, ina wigo mpana zaidi. Google Scholar, ya mwaka huohuo, inazoa kila inachokikuta: tasnifu, rasimu, ripoti, vitabu, hata mihtasari ya mikutano. Kwa mtu wa saikolojia hilo lina faida, maana vitabu vyake vinaonekana. Hasara yake ni kwamba hakuna mlinzi mlangoni. Mwaka 2010 Mfaransa Cyril Labbé alimtunga mwanasayansi asiyekuwepo, Ike Antkare, akamwandikia makala za upuuzi zinazorejeleana zenyewe kwa zenyewe, na Google Scholar ikampa h ya 94. Mwaka 2024 watafiti wawili walifanya mchezo uleule kwa paka aitwaye Larry. Makala 12, kila moja imerejelewa mara 12. Paka akawa na h ya 12, yaani amefuzu uprofesa mshiriki kwenu.

Kwa hiyo zile sita za daktari wa upasuaji zifute usiku huuhuu. Najua 14 inavuka mstari na 11 haivuki. Lakini mjumbe mmoja akibofya jina lako na kukuta makala ya upasuaji wa ngiri kwenye orodha ya mwanasaikolojia, hataamini tena hata zile zako halali, na hutakuwa na la kujibu kwa sababu ulijua.

Kisha mwandikie katibu wa kamati, mistari miwili tu: namba ichukuliwe kutoka kanzidata ipi, na je, mwombaji anaruhusiwa kuambatisha maelezo ya mchango wake? Usiulize kwa kulalamika. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo tulibishana karibu nusu saa kuhusu waombaji wawili waliopishana kidogo, mpaka katibu, kijana aliyekuwa akichukua kumbukumbu, akainua mkono na kuuliza kama ni sawa kwamba namba ya mmoja imetoka Scopus na ya mwingine Google Scholar. Kimya kikatanda. Hakuna aliyekuwa ametazama.

Wakikujibu au wasikujibu, weka zote tatu, kila moja na jina la chanzo chake na tarehe uliyoitazama. Anayeweka tatu hatafutwi ameficha nini.

Sasa mwenzako. Hapana, dada yangu, usikubali. Na nitakupa sababu ya kitabu kwanza, halafu ya kweli.

Ya kitabu: Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ina masharti manne ya kuitwa mwandishi, na yanatakiwa yote manne kwa pamoja, si uchague. Uwe umechangia kwa uzito kubuni kazi au kukusanya au kuchambua data. Uwe umeandika rasimu au kuipitia kwa jicho la kitaalamu. Uwe umeidhinisha toleo la mwisho. Na uwe tayari kuwajibika kwa kazi nzima ikihojiwa. Aliyepungukiwa anatajwa kwenye shukrani. Shirika la Wanasaikolojia la Marekani nalo katika kanuni zake za maadili linasema mwanasaikolojia anajihesabia kazi aliyoifanya kweli au aliyoichangia kwa uzito, basi.

Ya kweli ni hilo sharti la nne. Makala ikigundulika ina kasoro, ikabatilishwa, tangazo litataja majina yote, na lako limo, kwenye mada ambayo huwezi hata kuieleza. Ukiitwa ujieleze utasema nini, kwamba mlikuwa mnabebana? Halafu kihesabu chenyewe hakikusaidii. Makala tano mpya zinaanza na sifuri. Ili ziguse h yako ya 10 kila moja inabidi irejelewe mara 11 au zaidi, na kamati inakaa baada ya wiki tatu. Ungeuza jina lako kwa kitu ambacho hakifiki kwa wakati.

Mjibu kwa upole, maana nia yake ni njema na ndivyo alivyolelewa kwenye kazi. Mimi ningemwandikia hivi: "Kaka, ahsante kwa moyo wako. Kwenye hizo tano sijafanya kitu, nikiulizwa siwezi kusimama nazo. Lakini wale wagonjwa wako wa moyo, kama mliwapima sonona, nipe nikague namna kipimo kilivyofanya kazi. Hiyo tuiandike pamoja, na jina langu nitakuwa nimelitolea jasho." Madaktari wengi wana hojaji za saikolojia zimejaa kwenye makabati yao na hawajui wazifanyie nini. Wewe unajua. Hapo ndipo ushirikiano wenu ulipo.

Safu ya nne, ya kujumlisha vipimo vya athari, ndiyo inayonikera kuliko zote. Kipimo hicho ni cha jarida. Kinachukua marejeo ya mwaka mmoja kwa yale jarida lililochapisha miaka miwili iliyotangulia, na kuyagawa kwa idadi ya makala zake. Ni wastani, tena wastani unaovutwa juu na makala chache. Angalia yako mwenyewe: ukigawa 477 kwa 16 unapata karibu 30, lakini makala iliyo katikati ya safu yako ina kama 14 au 15. Moja tu, ya 212, inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Majarida yako hivyohivyo. Per Seglen alilieleza hili kwenye jarida la tiba la BMJ mwaka 1997, na Desemba 2012 wahariri na wachapishaji wa majarida waliokutana San Francisco wakaandaa tamko, wanaliita DORA, ambalo pendekezo lake la kwanza ni kutotumia vipimo vya majarida kumpima mtu mmoja mmoja, iwe kumwajiri, kumpandisha au kumpa fedha. Vyuo na taasisi nyingi zimelisaini. Angalia kama chenu kimo. Kama kimo, taja katika sentensi moja ya adabu kwenye barua yako. Kama hakimo, jaza safu yao uendelee na maisha.

Sasa tufike kwenye ile 212, ambayo wewe umeipitia kwenye barua kama kitu cha kawaida, nami naiona ndiyo kesi yako yote. Kwa h, makala hiyo ina uzito uleule na ile yenye 11. Ingerejelewa mara 2,000 bado ungekuwa na 10. Kipimo hakiioni. Lakini katika fani zetu mbili, vifaa vya kupimia ndivyo vinavyoishi muda mrefu. Kipimo kifupi cha akili cha Folstein na wenzake ni cha mwaka 1975, PHQ-9 ya sonona ni ya 2001, na vyote vimerejelewa makumi ya maelfu ya mara, kwa sababu rahisi kwamba watu wanavitumia. Rejeo la hojaji si salamu ya kupita. Mara nyingi maana yake kuna chumba mahali ambamo mama alikaa akaulizwa yale maswali.

Hebu ifungulie nafasi. Toa orodha ya makala 212 zinazoirejelea, keti nayo siku mbili. Gawa mafungu: zilizoitumia hojaji kwa wagonjwa, zilizoitafsiri kwa lugha nyingine, zilizoikosoa, zilizoitaja tu kwenye utangulizi. Ukimaliza utaweza kuandika sentensi yenye namba zako mwenyewe, ya namna ya "kati ya kazi 212, kadhaa zimeitumia kupima akina mama katika vituo vya afya, na mbili ni miongozo ya matibabu". Hiyo sentensi inaizidi h kwa mbali, na inaeleweka hata kwa daktari wa mifupa.

Na usifiche zilizokukosoa. Kurejelewa si kusifiwa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyodai chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji, ilibatilishwa na The Lancet mwaka 2010, na bado imerejelewa kwa wingi, na walio wengi wanaikanusha. Kwetu saikolojia mambo si mazuri zaidi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu. Na uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kazi zinazoshindwa kurudiwa ndizo zinazorejelewa zaidi. Mimi nikikuta mwombaji ameandika "hawa watatu wamenipinga, na hapa naona wana haki", namwamini.

Kama kamati lazima ipewe namba, ipe iliyosawazishwa kwa fani. Scopus ina kipimo kinacholinganisha makala na nyingine za aina yake, mwaka wake na fani yake, ambapo 1.00 ni wastani wa dunia. Kwa zile zilizomo PubMed, kanzidata ya makala za tiba, kuna zana ya iCite ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, bure, ambapo 1.0 ndiyo makala ya katikati kati ya zilizofadhiliwa na taasisi hizo. Kwa makala mojamoja namba hizi zinayumba, kwa hiyo zitoe kwa kazi zako tano bora, na usiende kwenye desimali ya tatu. Unaweza pia kuwakumbusha, kama nafasi ipo, kwamba hata watu wa tiba wameona tatizo la majina mamia: orodha ya wanasayansi 100,000 aliyoitoa John Ioannidis na wenzake mwaka 2019 inampa mtu uzito wa pekee kwa kazi alizokuwa mwandishi pekee, wa kwanza au wa mwisho, na inaonyesha hesabu ikiwa na kujirejelea na ikiwa bila.

Maelezo yenyewe yawe ukurasa mmoja. Kazi tano. Kila moja mistari mitatu: iligundua nini, wewe ulifanya nini hasa, nani ameitumia. Kwenye "ulifanya nini" ile orodha ya majukumu 14 ambayo majarida mengi sasa yanaitaka itakusaidia maneno: kubuni, mbinu, uchambuzi, usimamizi na mengineyo. Omba pia mtathmini wa nje awe mwanasaikolojia, si daktari aliye karibu na ofisi ya mkuu wa kitivo.

Inawezekana wakakukatalia. Sheria yao ni 12 na wewe una 10, na kuna kamati ambazo jedwali kwao ni msahafu. Ikiwa hivyo, omba sababu kwa maandishi na uziweke. Kazi zako zilizo chini ya mstari bado zinakua, na mwakani faili litakuwa tayari, halitahitaji wiki tatu za jasho.

Sasa mwanafunzi wako. Mwite, mpongeze kwa makala mbili, mwambie ile ya wasiwasi ibaki na hizo nyingine mbili azitoe, kote kuwili. Akidhani anakupunguzia heshima, mweleze kwamba wahakiki wanaona, na kwamba kama na jina lako limo kati ya waandishi, kamati yoyote inayochuja kujirejelea itayapukutisha hayo marejeo kama majani. Na ndiyo, nimepiga hesabu. Ile ya washauri nasaha ina 9 na iko nafasi ya kumi na moja. Makala zake mbili zingeifikisha 11, na wewe ungekuwa na h ya 11. Azitoe.